Deni la Chungu

Kuna kazi ambazo mtu akizifanya huacha alama. Mwashi hujenga ukuta, na miaka hamsini baadaye ukuta ungali umesimama. Mkulima hupanda mnazi, na wajukuu zake huangua nazi. Hata sisi walimu, ambao matunda ya kazi yetu hayashikiki kwa mkono, mara kwa mara hukutana njiani na mtu mzima mwenye mvi, akatuamkia na kutukumbusha kwamba tulimfundisha kugawanya sehemu. Lakini iko kazi moja ambayo hufanywa mchana ikaliwa mchana, ikafanywa tena jioni ikaliwa usiku, na kesho yake asubuhi haibaki dalili yake isipokuwa ukoko uliolowekwa ndani ya sufuria. Kazi hiyo ni upishi wa nyumbani. Swali ninalotaka kulitafakari katika kurasa hizi ni hili: je, anayekula ana deni kwa anayempikia? Na kama analo, hulilipa kwa nini?

Msomaji asilione swali hili kuwa dogo. Sizungumzi juu ya karamu za harusi, wala chai ya asubuhi na kiporo chake. Nazungumza juu ya chakula cha mchana na chakula cha usiku, ile milo miwili ambayo nyumba isipoipata huhesabiwa kuwa imelala na njaa. Nimekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mazoea hayaniachi. Nyumba inayopika mara mbili kwa siku hupika mara 730 kwa mwaka. Ndoa ikidumu miaka 40, hiyo ni milo 29,200. Tuseme kila mlo huchukua saa mbili tu, tangu kuwasha moto mpaka kuosha sufuria. Tumefika saa 58,400. Mtu akiambiwa azifanye saa hizo kwa mwendo wa ofisini, saa 8 kwa siku, atahitaji siku 7,300, yaani miaka 20 kamili bila Jumapili wala sikukuu hata moja. Miaka 20 ya maisha ya mtu si jambo dogo. Aghalabu mtu huyo ni mama, na aghalabu hakuna aliyewahi kuketi na kuihesabu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini, lakini maneno hayo yafaa pia kwa sahani iliyowekwa mezani. Hebu tuutazame wali wa nazi, chakula ambacho kwetu Muheza mtoto hukijua kabla ya kujua kusoma. Nazi hufuliwa, huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi. Machicha hukamuliwa kwa maji kidogo, likatoka tui zito, likawekwa kando. Hukamuliwa tena kwa maji mengi, likatoka tui jepesi. Mchele umekwisha chaguliwa mawe na kuoshwa. Tui jepesi huchemshwa kwa chumvi, mchele ukatiwa, na unapokaribia kukauka ndipo tui zito hutiwa juu, moto ukapunguzwa, makaa yakapaliwa juu ya mfuniko. Akikosea kipimo cha maji, umekuwa bokoboko. Akichelewa kupunguza moto, umeungua. Na huo ni wali peke yake. Bado mchuzi, bado mboga, na bado mtoto analia mgongoni.

Ukiichunguza kazi hiyo utaona imo mitatu. Upo mkono unaokuna, unaotwanga na kukoroga. Huo watu huuona. Upo muda wa kungoja na kuchungulia, maana chungu hakiachwi peke yake; huo watu huuona nusu. Na ipo fikra, ambayo haionekani kabisa. Leo tule nini? Jana tulikula nini? Unga umebaki kiasi gani, na mwezi una siku ngapi? Mzee hali pilipili, mtoto ana homa, mgeni atakuja saa ngapi? Mtu anaweza kukaa ametulia kibarazani akichambua mchicha, nasi tukadhani amepumzika, kumbe anafanya kazi ya mhasibu, ya tabibu na ya mshauri wa nyumba kwa wakati mmoja. Mke wangu, aliyefariki mwaka 2016, alipata kuniambia kwamba kupika hakumchoshi, kinachomchosha ni kuamua la kupika. Wapishi wengi niliowauliza baadaye wamenijibu hivyo hivyo.

Wako wenye akili waliokidharau kipaji hiki. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, katika majadiliano yake yaitwayo Gorgias, alimpa mwalimu wake Socrates hoja kwamba upishi si sanaa ya kweli. Kwa maelezo yake, tabibu anajua sababu ya anayoyatenda, lakini mpishi ana mazoea tu ya kuupendeza ulimi; ni ndugu wa mtu anayejipendekeza kwa maneno matamu. Nilipokuwa nikiisoma hoja hiyo nilijiuliza kama Plato angeiandika iwapo angekulia mahali panapoliwa kisamvu.

Maana jani la muhogo, na muhogo wenyewe ulio mchungu, una sumu. Ndani yake mna kitu ambacho, kikipondwa, hutoa sianidi. Bibi zetu hawakulijua jina hilo, lakini walijua la kufanya: jani litwangwe sana kinuni, lichemshwe kwa muda mrefu, muhogo mchungu uloweshwe au uvundikwe, uanikwe juani mpaka ukauke, ndipo usagwe unga. Aliyezipunguza hatua hizo aliona matokeo. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo, na waliochunguza waliona asili yake ni unga wa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa kwa muda wa kutosha. Njaa ilikuwa imewaharakisha. Basi, ujuzi unaosimama kati ya mtu na kupooza hauwezi kuitwa kujipendekeza kwa ulimi. Kila siku mpishi wa nyumbani hushika afya za watu mkononi, naye hutegemewa kwa namna ambayo tabibu hategemewi, kwa kuwa kwa tabibu twaenda tukiumwa, lakini kwa mpishi twaenda mara mbili kila siku tukiwa wazima.

Turudi sasa kwenye deni. Katika maisha yangu nimesikia majibu mawili juu ya jambo hili, na yote mawili yameniacha na mashaka.

Jibu la kwanza lasema: kupika ni wajibu wa mke, au wa binti, au wa yeyote aliyepangiwa, na atimizaye wajibu hadai. Baba ameleta unga, mama ameusonga, wamelipana. Jibu hili lina sura ya haki, maana kweli kila mmoja ana sehemu yake. Lakini tazama linavyofanya kazi. Siku baba hakupata unga, nyumba nzima humhurumia na kusema mambo ni magumu. Siku mama hakupata nguvu ya kuusonga, huulizwa amefanya nini tangu asubuhi. Mizani ambayo upande mmoja unaruhusiwa kupungua na upande wa pili hauruhusiwi, si mizani ya haki. Na katika nyumba nyingi za leo mama pia huleta unga, kisha akausonga.

Jibu la pili ni tamu zaidi, na kwa hiyo ni la hatari zaidi. Lasema: chakula cha nyumbani ni upendo, na upendo haulipwi. Nani atamlipa mama yake kwa ugali wa utotoni? Nakubali kwamba upendo haulipwi. Lakini nimeona jinsi neno hili linavyotumika. Tukisha kusema kwamba anayepika anapika kwa upendo, basi siku akisema amechoka tunamwona amepungukiwa na upendo. Sifa inageuka kamba ya kumfungia. Hivyo majibu haya mawili, moja kali na moja laini, hufika mahali pamoja: anayepika hana haki ya kuchoka.

Mimi naona liko deni, ila haliwezi kulipwa kwa fedha, na shukrani za mdomo peke yake hazilimalizi. Hulipwa kwanza kwa kujua. Kila anayekula yampasa ajue kupika, awe mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini, hata kama hapiki kila siku. Sababu yangu si kubana matumizi, wala si kwamba kila mtu awe fundi. Ni kwamba asiyeijua kazi hawezi kumtendea haki anayeifanya.

Hapo msomaji mwenye akili atanipinga. Atasema: Mwalimu, mimi sijui kushona viatu, lakini fundi viatu namheshimu na namlipa. Sijui kuendesha meli, na bado navuka kwenda Unguja. Je, ni lazima nijue kila kazi ndipo nimshukuru mwenye kazi hiyo? Pingamizi hili ni zuri, nami nimelitafakari kwa muda. Jibu langu ni hili. Fundi viatu ana bei. Bei ni aina ya lugha; hunieleza, mimi nisiyejua sindano wala uzi, kwamba kazi yake ina uzito kiasi fulani. Nikiipuuza, atafunga kibanda chake, nami nitatembea peku mpaka nijifunze adabu. Nahodha naye ana mshahara, ana likizo, ana cheti ukutani. Lakini mpishi wa nyumbani hana bei, hana likizo, hana cheti, wala hawezi kufunga kibanda, kwa sababu wateja wake ni watoto wake. Hakuna lugha yoyote ya kunieleza uzito wa kazi yake isipokuwa mikono yangu mwenyewe iwe imeigusa. Mahali ambapo hakuna bei, ujuzi ndio mizani pekee iliyobaki.

Hili sikulipata vitabuni. Katika chuo kimoja nilichokiongoza palitokea manung'uniko makubwa juu ya chakula. Wanachuo walikuwa kama 300. Walilalamika kwamba ugali ni mbichi, maharage yana mawe na chakula cha mchana huchelewa. Na wote kwa sauti moja walisema wapishi ni wavivu. Waliomba wafukuzwe. Katika mkutano nilipendekeza jambo moja kabla ya kuamua: kila siku, kwa majuma mawili, wanachuo sita washinde jikoni pamoja na wapishi, wakianza saa kumi alfajiri. Walikubali, wengine kwa kicheko.

Siku ya kwanza kicheko kiliisha kabla jua halijachomoza. Waliona kuni zilizoletwa zikiwa mbichi, moshi ukiwatoa machozi. Walichagua maharage kwa mwanga wa kandili. Walishika mwiko mrefu kama kasia, wakasonga unga wa kilo 75 kwa mlo mmoja, wawili wawili, jasho likiwatoka mpaka chini ya nyayo. Baada ya majuma mawili tulikutana tena. Msomaji asidhani kwamba malalamiko yalikwisha, la hasha. Malalamiko yalikuwa mengi kuliko mwanzo, lakini yalikuwa yamebadilika. Hakuna aliyesema tena kwamba wapishi ni wavivu. Walisema kuni zinunuliwe mapema zikauke. Walisema sufuria ni pungufu, kwa hiyo ugali wa kwanza hupoa ukingoja wa pili. Walisema mzabuni analeta maharage machafu na anapaswa kuulizwa. Walipendekeza zamu ya kuchagua maharage jioni, wao wenyewe wakiwemo. Yote hayo yalikuwa kweli, na mengi tuliyarekebisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba ujuzi haumnyimi mtu haki ya kulalamika. Humfundisha kulalamika mahali panapostahili.

Pingamizi la pili hutoka kwenye mila. Husemwa kwamba kwetu Waafrika jiko ni la wanawake, na mwanamume anayeshika mwiko amejishusha. Nami naheshimu mila. Nimelelewa nazo na nimezifundisha. Lakini mila yafaa iulizwe maswali kwa adabu, kama mzee anavyoulizwa. Katika harusi zetu za pwani, ni nani hupika pilau katika masufuria yale makubwa ya uwanjani? Aghalabu ni wanaume, na mpishi mkuu huitwa kwa heshima na kuagwa kwa heshima. Ni nani huchoma nyama kwenye mabaa, hukaanga chipsi kando ya barabara, hupika katika mahoteli makubwa na katika makambi ya jeshi? Wanaume. Kwa hiyo si kweli kwamba chungu humshusha mwanamume. Tulichokikimbia si moto wala mwiko. Tumekimbia chungu kile kisicholipa na kisichotazamwa na watu. Penye ujira au penye watazamaji tupo. Penye sufuria ndogo ya jioni, kwa ajili ya watu wanne wasiopiga makofi, hatupo. Kwa hiyo linalozungumzwa hapa ni faida na sifa, na mila imesingiziwa.

Tena hata vilivyomo ndani ya chungu vimebadilika. Mahindi na mihogo, ambavyo leo tunaviita chakula cha mababu, vilitoka Amerika na kufika Afrika baada ya safari za Wareno, katika karne ya 16 na baadaye. Kabla ya hapo mababu walisaga mtama, ulezi na uwele. Kama mababu waliweza kubadili unga wenyewe bila kuacha kuwa mababu, sisi hatuwezi kushindwa kubadili mkono unaoshika mwiko. Na si mimi wa kwanza kusema hivi. Mwalimu Nyerere, katika maandiko yake ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini, alikiri waziwazi kwamba katika maisha yetu ya jadi wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao ya haki, na kwamba jambo hilo halipatani na usawa. Mwaka 1995, mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu Gertrude Mongella, uliyataka mataifa yatafute njia ya kuzipima kazi zisizolipwa, na upishi wa nyumbani ni mojawapo. Maneno yamekwisha kusemwa juu kabisa. Kilichobaki ni jikoni.

Wengine wameponyoka swali hili kwa kuajiri. Sina neno na kuajiri. Ni riziki ya mtu. Lakini deni halihamishwi kwa mshahara mdogo. Tunamwita mtumishi wa ndani kwa jina zuri la dada. Dada huyu huamka wa kwanza, hupika, hupakua, halafu husubiri jikoni mpaka wote washibe ndipo ale kilichobaki, mara nyingi mchuzi bila kitoweo. Tumempa jina la udugu tukamnyima kiti cha udugu. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 juu ya kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani, na ni jambo jema. Lakini mkataba hauwezi kuingia kila nyumba saa mbili usiku kutazama nani amepakuliwa finyango gani. Hilo ni la dhamiri ya mwenye nyumba. Mimi nina kipimo kimoja chepesi: ukitaka kuijua haki ya nyumba, usiwaulize wenyewe, tazama anayepika anakula lini, anakula wapi, na anakula nini.

Nataka pia kusema neno juu ya shukrani, kwa kuwa wako wanaoizuia kwa makusudi. Nimesikia wazee wenzangu wakisema mke hasifiwi chakula, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ina busara yake penye biashara: mgema hutia maji kwa sababu maji humwongezea fedha. Mpishi wa nyumbani akitia maji kwenye mchuzi hapati hata senti; naye mwenyewe ataula. Kwa hiyo methali imepelekwa mahali pasipo pake. Anayekula kimya miaka thelathini, halafu akafungua kinywa siku moja tu, siku chumvi ilipozidi, amemfundisha mpishi wake kwamba kazi yake huonekana inapoharibika tu. Haifai kumtendea hivyo mtu yeyote.

Jambo jingine la kujua ni gharama ambayo mwili wa mpishi hulipa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kwa kuni, mkaa, mafuta ya taa na samadi. Nchini mwetu, mwezi Mei 2024, ulizinduliwa mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila nakumbuka kwamba sebule zetu nyingi zilipata sementi na televisheni zamani, wakati jiko lilibaki kibanda cha moshi nyuma ya nyumba. Angekuwa anayeamua matumizi ndiye anayekohoa, nadhani mambo yangekuwa kinyume.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba naandika kwa ajili ya kuwatetea wengine tu. Asiyejua kupika hujidhulumu mwenyewe. Nilikuwa na mwenzangu, mwalimu mstaafu kama mimi, mtu msomi, aliyeheshimiwa wilaya nzima. Mkewe alifariki ghafla. Watoto wako mijini. Nilipomtembelea baada ya miezi miwili nilimkuta amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na mchele, mlikuwa na maharage, mlikuwa na jiko la mkaa. Alikuwa akiishi kwa mkate na chai. Mtu aliyeweza kufafanua Azimio la Arusha kifungu kwa kifungu, na kuhubiri elimu ya kujitegemea tangu ilipotangazwa mwaka 1967, alikuwa hajui maharage huchemshwa kwa muda gani. Alikuwa na aibu ya kuuliza na aibu ya kuombaomba kwa majirani. Nilikaa kwake siku tatu, tukapika pamoja. Makande yalimfurahisha sana alipogundua kwamba mahindi na maharage yakilowekwa usiku kucha, asubuhi moto una kazi ndogo. Alijifunza ugali, mchicha, wali na mchuzi wa dagaa. Akaniambia kwamba mikono yake inamkumbuka mkewe vizuri kuliko kichwa chake. Sikumjibu. Aliishi miaka mingine minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alijipikia.

Nilijifunza mapema, nikiwa mtoto wa kwanza katika nyumba isiyokuwa na binti. Mama yangu alikuwa akienda shamba, na chungu hakikujua kwamba mimi ni mvulana. Sasa ninaishi na mjukuu wangu wa kiume aliye kidato cha pili. Jumanne na Ijumaa ni zamu yake ya kupika cha usiku. Jirani mmoja mzee alikuja akaniambia, "Mwalimu, unamharibu kijana." Nikamkaribisha chakula. Akala samaki wa nazi aliyepikwa na kijana huyo, akarudia sahani. Alipokuwa akinawa mikono akasema kwamba hata hivyo si desturi. Nikamwambia, "Kweli mzee, si desturi. Na samaki je?" Akakiri kwamba samaki alikuwa mzuri. Sikudai zaidi ya hapo kwa siku moja.

Basi, neno langu ni hili. Mtoto yeyote, wa kiume au wa kike, asitoke nyumbani kwenda kuanza maisha yake kabla hajaweza kupika walau milo minne kamili na kuipakulia watu wengine kabla ya kujipakulia yeye. Mwenye nyumba, hata akiwa na cheo gani, awe na siku yake ya zamu, isiwe siku ya mgeni wala ya sikukuu, bali siku ya kawaida isiyo na watazamaji. Na sahani zikiwekwa mezani, tumsubiri aliyepika aje aketi, ndipo tuanze. Chakula kitapoa kidogo. Lakini figa moja haliinjiki chungu, na nyumba ambayo mmoja husimama daima wakati wengine wamekaa, bado haijawa na mafiga yake yote.